Mitambo ya upepo inayoelea baharini: huku tasnifu hazikai kabatini

Mwaka 2007 jamaa mmoja anaitwa Jason Jonkman alikabidhi tasnifu yake ya PhD pale Chuo Kikuu cha Colorado, na wakati huohuo alikuwa mwajiriwa wa NREL, ile maabara ya taifa ya Marekani ya nishati jadidifu, yaani mguu mmoja kazini mguu mmoja chuoni. Swali lake unaweza kumwambia hata mtoto akaelewa: ukichukua mtambo wa upepo wa megawati 5 ukausimamisha juu ya tishari la mita 40 kwa 40 linaloelea kwenye maji ya kina cha mita 150, alafu upepo na mawimbi vikaupiga kwa pamoja, itakuwaje? Jibu lilikuwa kwamba tishari linayumba vibaya mno, mpaka mnara na mapanga vinabeba mzigo mkubwa kuliko ambao mtambo uleule ungebeba nchi kavu. Lakini ili afike kwenye hilo jibu ilibidi kwanza atengeneze sehemu ya programu iliyokuwa haipo, ya kukokotoa upepo, mawimbi, minyororo ya nanga na mfumo wa kudhibiti mapanga vyote kwa mpigo, kwasababu kila kimoja kinamgusa mwenzake. Hiyo kazi ndo imekua kua mpaka imeingia kwenye hii tunayoiita leo OpenFAST, na ukienda Trondheim kule Norway, ukienda Nantes, ukienda Tokyo, utamkuta mtu kaifungua kwenye laptopu yake. Bure kabisa, msimbo wote uko wazi.

Nimeanza na huyu makusudi. Wadogo zangu wengi wanaosoma uhandisi nyumbani wakiniuliza nafanya nini huku Ulaya nikawaambia napiga hesabu za mitambo ya upepo inayoelea, wanafikiri ni mambo ya makampuni makubwa yaliyojifungia na siri zao, mwanafunzi anaruhusiwa kuchungulia tu. Kiukweli hii fani haiko hivo, na mi naipenda hasa kwa hilo. Mpaka kati ya mwanafunzi na mtaalamu humu ni mwembamba sana, tasnifu ya mtu inageuka kuwa kifaa cha kazi cha mhandisi ndani ya miaka michache tu. Kuna programu nyingine inaitwa MoorDyn, ya kukokotoa minyororo ya nanga, hiyo Matthew Hall aliianza akiwa mwanafunzi wa PhD Chuo Kikuu cha Maine, leo watafiti wanaitumia kila kona. Wale wa Centrale Nantes, Ufaransa, mwaka 2014 waliachia hadharani programu yao ya Nemoh, inayokupa nguvu ya mawimbi kwenye kitu kinachoelea, wakati programu za namna hiyo zilizokuwepo zilikuwa za kununua tena kwa bei ambayo chuo cha kawaida hakigusi.

Na wazo lenyewe la kuelea lilitoka chuoni. Profesa William Heronemus wa Massachusetts, nahodha mstaafu wa jeshi la maji la Marekani, mwaka 1972 alishachora mitambo ya upepo inayoelea nje kabisa baharini. Teknolojia ya kuijenga ilikuwa bado haijafika. Ikabidi ingoje mpaka 2009, pale kampuni ya Statoil ya Norway iliposimamisha Hywind karibu na kisiwa cha Karmøy, mtambo mmoja wa megawati 2.3, wa kwanza duniani wa saizi ya kazi kuelea kwenye maji marefu. Wabongo hii kampuni mnaijua, ndo hiihii iliyogundua gesi kitalu namba 2 huko kwetu kusini, ile ya kisima cha Zafarani cha 2012, siku hizi inaitwa Equinor. Kwahiyo wale wanaojua kufunga vyuma kwenye bahari yenye kina cha kutisha ndo haohao wamehamishia ujuzi huku.

Sasa kwanini ielee, si wachimbie nguzo chini kama wanavyofanya Denmark na Uingereza? Wanachimbia, ila ikishapita kama mita 60 za kina, nguzo inakuwa kubwa na ghali mpaka hesabu zinakataa. Na kwa Ulaya inakadiriwa kama asilimia 80 ya upepo wa baharini uko kwenye maji yaliyopita hapo, Japani na California ndo usiseme, ukitoka pwani kidogo tu chini kunaporomoka. Upepo wenyewe wa huko nje ni mtamu, unavuma kwa nguvu na hautulii tulii kama wa nchi kavu. Ile Hywind Scotland, mitambo mitano ya megawati 6 iliyowekwa 2017 karibu na Peterhead, kwa miaka ya mwanzo ilikuwa inatoa wastani wa asilimia 54 ya uwezo wake wa juu. Kwa umeme wa upepo hiyo ni kubwa sana, mitambo mingi ya nchi kavu haifiki hata 40.

Kuelea kwenyewe kuna njia tatu kubwa. Ya kwanza ni nguzo moja ndefu iliyojazwa mzigo mzito chini, uzito ndo unaisimamisha, hiyo ndo Hywind. Ya pili ni jukwaa la nguzo tatu au nne zilizoachana, na hii mtu wa pwani haihitaji kufundishwa, ni ngalawa: mtumbwi peke yake ni mwembamba unapinduka, lakini ukiweka matengo pembeni yanayogusa maji mbali na kiini, kila upande ukitaka kuzama maji yanausukuma urudi. WindFloat ya Ureno inasimama hivohivo. Modeli ndogo ya WindFloat ilijaribiwa kwanza kwenye tangi la chuo kikuu cha Berkeley, mwaka 2011 ikawekwa baharini ikiwa na mtambo wa megawati 2, na 2020 ikakamilika mitatu ya megawati 8.4 karibu na Viana do Castelo. Ya tatu ni jukwaa linalovutwa chini na nyaya zilizokazwa mpaka sakafu ya bahari, halipandi wala halishuki, lakini ole wako waya ukilegea.

Basi hapo ndo tunaingia kwenye utafiti wenyewe, na kwa upande wangu hakuna sehemu tamu kama bwawa la mawimbi, lile la maabara ambalo mashine inatengeneza mawimbi ya kujaribia modeli ndogo.

Fikiria unatengeneza modeli ya mtambo wa megawati 5 kwa skeli ya 1:50. Duara la mapanga la mita 126 linakuwa mita 2 na nusu hivi, sawa. Lakini uzito haushuki mara 50, unashuka mara 125,000, kwasababu unapungua kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja. Kwahiyo mapanga na kile kichwa cha juu chote, ambacho kwa ukweli ni kama tani 350, kwenye modeli inabidi kiwe kilo 2.8. Mota, vihisi, waya, mapanga yenyewe, vyote ndani ya kilo 2.8! Umeme unaotoka kwenye mtambo wa megawati 5 unakuwa kama wati 6, hata taa ya kusomea hauiwashi vizuri. Na muda nao unakimbia, dhoruba ya masaa matatu inaisha kwa dakika 25 na ushee. Ukisimama pembeni ya bwawa unaona kile kijukwaa kinatikisika harakaharaka, ila ukirekodi video ukaipunguza kasi mara saba, ghafla unaona bahari ya kweli na mnara mkubwa unainama polepole kwa uzito wake. Mi hiyo video naweza kuiangalia siku nzima sichoki.

Tatizo kubwa liko kwenye hewa. Mawimbi yanafuata namba ya Froude, yaani nguvu ya mwendo ukiilinganisha na mvutano wa dunia, upepo kwenye panga unafuata namba ya Reynolds, yaani nguvu ya mwendo ukiilinganisha na unato wa hewa, na huwezi kuziridhisha zote mbili ukiwa na modeli moja. Ukiheshimu mawimbi, na lazima uyaheshimu, basi ile Reynolds inashuka zaidi ya mara 350, na hewa inakuwa haishiki tena kwenye panga, inaachia mapema, panga linapoteza nguvu yake. Wale wa mradi wa DeepCwind walioongozwa na Chuo Kikuu cha Maine walikutana na hili 2011 kwenye bwawa la MARIN kule Uholanzi. Walitengeneza mapanga kwa umbo lilelile la mtambo mkubwa ila limepunguzwa, wakawasha feni, nguvu ikatoka kiduchu. Ikabidi waongeze upepo kuliko unaotakiwa ili angalau ile nguvu ya kusukuma ifike, na 2013 wakarudi bwawani na mapanga mapya, umbo tofauti kabisa, yaliyochorwa ili kwenye upepo ule dhaifu yatoe msukumo sahihi. Yaani mapanga ambayo hayafanani na ya ukweli ndo yaliyoleta majibu yanayofanana na ukweli. Siku hizi wengine wameamua kuyatoa mapanga kabisa: taasisi ya utafiti ya SINTEF kule Trondheim wanafunga nyaya juu ya mnara, kompyuta inakokotoa papo kwa papo upepo ungesukuma kiasi gani, alafu winchi zinavuta hivohivo. Wahispania wa kituo cha utafiti cha CENER wao wameweka feni ndogo juu ya mnara inayosukuma badala ya nyaya. Hizi kazi zimejaa majina ya wanafunzi wa masters na PhD, kwasababu bwawa linahitaji mikono, mtu wa kupima kitovu cha uzito asubuhi, mtu wa kukaa kurudia jaribio la kulisukuma jukwaa na kuliacha litulie, tena na tena.

Kitu kingine ambacho mwanafunzi yeyote akikielewa vizuri anakuwa ameshavuka mto ni hiki cha kontrola, ule mfumo wa kudhibiti mapanga. Ule mtambo wa rejea wa NREL wa megawati 5, yaani wa kwenye makaratasi ambao watafiti wanautumia kulinganisha hesabu, upepo ukifika mita 11.4 kwa sekunde unakuwa umeshafika nguvu yake ya mwisho, ukiongezeka zaidi kontrola inageuza mapanga yamwage upepo wa ziada. Nchi kavu hakuna shida. Sasa weka juu ya kitu kinachoelea: mnara ukiinama mbele kuelekea upepo unakotoka, mapanga yanahisi upepo umeongezeka, kontrola inamwaga, msukumo unapungua, kwahiyo hakuna cha kuuzuia mnara usizidi kuinama. Ukirudi nyuma, mapanga yanahisi upepo umepungua, kontrola inakusanya zaidi, msukumo unaongezeka na kuusukuma nyuma zaidi. Upepo ambao ulitakiwa kuwa breki unageuka unauchochea mtambo uyumbe, na unayumba hivo kila sekunde 30 mpaka vyuma vinachoka. Dawa ya kwanza waliyoipata ni kuipunguza kasi kontrola, kutoka mzunguko wa kama sekunde 10 mpaka sekunde 31, iwe polepole kuliko kuyumba kwa jukwaa lenyewe. Inafanya kazi, ila mapanga nayo yanakuwa yanazidisha na kupunguza mwendo kuliko ilivyotakiwa, hivo mpaka leo watu wanaandika pepa za kontrola bora na bado kuna nafasi.

Alafu kuna hili ambalo kwangu mi ndo la muhimu kuliko yote niliyoandika humu. Chini ya shirika la nishati la kimataifa, IEA, kuna mradi wa miaka mingi wa kulinganisha programu, ulianza ukiitwa OC3 ukaja OC4, OC5, OC6. Vyuo na makampuni kutoka nchi nyingi wanachukua mtambo uleule, bahari ileile, kila mtu anakokotoa kwa programu yake, wanaweka majibu mezani. Kwenye OC5 wakachukua vipimo vya lile bwawa la 2013 wakalinganisha na hesabu za watu wote, na ikaonekana karibu wote wanakosea upande mmoja, mizigo mikubwa kwenye mnara na kwenye minyororo wanaikadiria chini kwa wastani wa kama asilimia 20. Profesa mwenye mvi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wote chini. Chanzo kikubwa kilikuwa kwenye mienendo ya polepole, pale mawimbi mawili yenye kasi zinazokaribiana yanapozaa nguvu ndogo ya polepole inayogonga palepale jukwaa linapopenda kuyumba. OC6 ilipoanza 2019 ikabidi irudi kwenye vitu vya msingi, bila hata mapanga, kusukuma jukwaa tu na mawimbi na kupima kila nguzo inapokea nini. Nawaheshimu sana hawa watu waliokaa chini wakaanika kosa la wote hadharani badala ya kila mtu kwenda kurekebisha kimyakimya namba zake, kwasababu hiyo asilimia 20 ndo tofauti ya mnyororo unaodumu miaka 25 na unaokatika kabla ya hapo.

Ndomana nasema wazi, mwanafunzi anaetafuta mada asiende kuchora jukwaa jipya. Zipo dizaini makumi na makumi, nzuri tu, nyingi hazitagusa maji ya chumvi. Jukwaa moja zaidi halimsaidii mtu. Wanaohitajika ni watu wa kuhakiki na watu wa kuuliza maswali ambayo hayana picha nzuri za kuweka kwenye bango la mkutano. Pale Trondheim kila Januari kuna mkutano wa DeepWind, wanafunzi na wahandisi wa makampuni wanasimama ubao mmoja, na mada zinazojaza watu ukumbini ni hizo za minyororo, kamba za nailoni, kebo za umeme zinazoning'inia ndani ya maji huku zinapindwa usiku na mchana.

Na matengenezo. Jamani matengenezo! Mtambo uliochimbiwa chini ukiharibika kitu kizito kule juu, inakuja meli yenye miguu, inasimama juu ya sakafu ya bahari, inanyanyua na kreni. Kwenye maji ya mita 100 na kitu hiyo meli haifiki chini, na meli inayoelea ikijaribu kubadilisha kitu cha tani nyingi kwenye mnara ambao nao unaelea, vitu viwili vinacheza kila kimoja na mdundo wake. Kwahiyo mara nyingi unafungua minyororo na kebo, unaukokota mtambo mzima kwa tagi, zile boti za kuvuta, mpaka bandarini. Mwaka 2022 mmoja wa shamba la Kincardine la Uskoti, megawati 9.5, ulikokotwa kuvuka bahari ya Kaskazini mpaka Rotterdam kwenda kutengenezwa. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Hywind Scotland, yote mitano ikapelekwa Norway kwa matengenezo makubwa ikaja ikarudishwa. Huo muda wote mtambo hautoi umeme. Na Fukushima, ule mradi wa Wajapani ulioanza 2013 kwa matumaini makubwa baada ya yale maafa ya nyuklia, mtambo wake wa megawati 7 uling'olewa baada ya kusumbua mara kwa mara, na 2021 mradi wote ukafungwa na kuondolewa. Ukiangalia ramani ya mashamba makubwa yanayopangwa, mtambo mmoja megawati 15, mapanga ya kipenyo cha mita 240, unajiuliza bandari gani ina gati la kuupokea na kreni ya kufika mita 150 juu. Hilo ni swali la uhandisi kamili na mpaka sasa linaandikiwa kidogo sana ukilinganisha na dizaini.

Nyumbani je? Sitawadanganya kwamba kesho Tanga itakuwa na mitambo inaelea. Kenya wana Lake Turkana, megawati 310 nchi kavu, mitambo 365, na upepo wa nchi kavu na jua bado vina nafasi kubwa na bei yake iko chini mno. Hii ya kuelea kwa sasa ni ghali hata kwa Wazungu. Lakini bahari yetu ni ya kina, mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita hatua chache kutoka ufukweni, na kusi huko juu Somalia ni kati ya pepo kali duniani za msimu. Siku bei zikishuka napenda wanaopiga hesabu za maji yetu wawe watu wetu, wanaojua kusi linavyoanza na kaskazi linavyolala. Na kuingia kwenye fani hakuhitaji kusubiri hiyo siku. Ipo masters ya pamoja ya vyuo vya DTU (Denmark), Delft (Uholanzi), NTNU (Norway) na Oldenburg (Ujerumani), ambayo imewahi kuwa na ufadhili wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, na ukiwa bado Dar au Mombasa unaweza kupakua OpenFAST, faili za mtambo wa megawati 5 na jukwaa la OC3 zote zipo, ukaiendesha kwenye laptopu ya kawaida usiku kucha na asubuhi ukawa na majibu ya kulinganisha na yaliyochapishwa.

Kazi yangu ya sasa ni hiyo ya kukokota. Nahesabu kwa eneo fulani mwaka mzima kuna vipindi vingapi mawimbi yanakuwa chini ya kimo ambacho tagi na mtambo vinaweza kutembea salama, na kwa masaa mangapi mfululizo, kwasababu dirisha la masaa 20 halikusaidii kama safari ni ya masaa 40. Data natumia ERA5 ya Wazungu wa Copernicus, upepo na mawimbi ya dunia nzima saa kwa saa kuanzia 1940, unajisajili unapakua bure. Bahari ya Kaskazini naona watu wameshaifanya sana. Mkondo wa Pemba na pwani ya Somalia sijaona mtu kaifanya kwa mtazamo wa kukokota mitambo, na data ipo ileile. Kama kuna mwanafunzi anatafuta mada ya mwaka wa mwisho na anajua Python kidogo, aniandikie, nampa msimbo wangu wa kuanzia aanze na miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, hiyo ndo migumu.